Saa Tisa ya Alasiri

Ijumaa ya tarehe 7 Machi, mwaka 2025, ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Ramadhani, nami nilikuwa katika msikiti mmoja wa mji wa Toronto, nchi ya Kanada. Nje theluji ilikuwa imerundikwa kando ya njia kama chumvi iliyokusanywa ufuoni. Khatibu alikuwa akizungumza juu ya subira. Mbele yangu walikaa vijana wawili, na mmoja alimwinamia mwenzake akamnong'oneza jambo, kitendo kisichofaa wakati wa hotuba. Nilikuwa tayari kumkemea kwa jicho, lakini sikio langu lilitangulia mbele ya adabu yangu. "Mpaka saa tisa," alisema, "lolote laweza kutokea." Basi mimi niliyetaka kukemea nilijikuta nikitazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa saba na nusu.

Yafaa nieleze saa tisa hiyo ni kitu gani, maana msomaji aliye Tanga au Lamu ana haki ya kuuliza kwa nini watu wazima, tena wamefunga, wahesabu dakika kwa ajili ya mchezo. Mpira wa magongo twaujua. Katika utoto wangu niliuona ukichezwa juu ya majani, na mwaka 1980 timu ya Tanzania ilifika hata Moscow kuucheza katika Olimpiki. Lakini ule wa Kanada huchezwa juu ya barafu. Wachezaji sita kila upande, mmoja wao mlinda mlango, huvaa viatu vyenye makali ya chuma, wakateleza kwa kasi ambayo macho ya mgeni hayawezi kuifuata, wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachoenea katika kiganja. Mara yangu ya kwanza kutazama sikukiona kisahani hicho hata kidogo. Niliona watu wakigongana, halafu maelfu wakasimama wakapiga kelele, nami nikasimama pamoja nao kwa heshima.

Ligi kubwa ya mchezo huo ina klabu 32, saba za Kanada na 25 za Marekani. Msimu wa 2024–25 ulianza mwezi wa Oktoba, na kila klabu ilicheza michezo 82; kisha klabu 16 zilizofanya vyema huingia katika kuwania Kombe la Stanley, ambalo lilitolewa mwaka 1892 na gavana mkuu wa Kanada wa siku zile. Mara ya mwisho Toronto kulitwaa kombe hilo ilikuwa mwaka 1967. Kwa hiyo nilipofika Toronto niliingia katika mji wa watu wanaongoja, na mtu anayengoja humwamini hata mpita njia.

Katika majira ya mwisho wa baridi huwekwa siku moja, na katika siku hiyo saa tisa ya alasiri, ambayo ikipita klabu haiwezi tena kujipatia mchezaji wa klabu nyingine kwa mabadilishano na kumtumia katika kuwania kombe. Watu wa Dar es Salaam wanaojua tetesi za usajili baina ya Simba na Yanga watadhani wamekwisha kuelewa. Wameelewa nusu. Katika kandanda fedha ndiyo huenda na mtu huja. Katika mchezo huu wa barafu aghalabu mtu hubadilishwa kwa mtu, au mtu mmoja kwa wawili, au kwa zamu ya kuchagua vijana katika mwaka fulani ujao. Zamu hizi ndizo zilizonistaajabisha kuliko yote. Klabu yaweza kumtoa mchezaji leo kwa kijana wa mwaka 2028, na kijana huyo, popote alipo, ana miaka kumi na minne au kumi na mitano, yuko darasani, na hajui kwamba amekwisha kutiwa katika bei ya mtu mwingine.

Msimu wa 2004–05 haukuchezwa kabisa, kwa kuwa wenye klabu waliwafungia wachezaji milango mpaka wakubali kikomo cha mishahara. Kikomo kilianza kwa dola milioni 39 kwa kila klabu katika msimu wa 2005–06, na katika msimu wa 2024–25 kilikuwa kimefika milioni 88. Tangu hapo dola anayoongezwa mmoja hupungua katika fungu la wenzake, na mwananchi wa kawaida, dereva wa basi au fundi wa mabomba, amegeuka mhasibu. Nimesikia wanaume wasiojua kodi ya nyumba zao wenyewe imebaki miezi mingapi wakitaja bila kukosea mishahara ya wachezaji ishirini.

Uvumi mkubwa humzunguka mchezaji bora ambaye mkataba wake u karibu na mwisho. Ifikapo tarehe 1 Julai mtu huyo ni huru kwenda atakako, na klabu yake haipati kitu. Kwa hiyo katika majira ya baridi klabu humtazama mtu wake kama mchuuzi wa samaki atazamavyo jua la mchana. Ampe anachotaka? Amtoe sasa apate chochote? Au amshike, acheze, na lije lijalo?

Mwaka ule mtu aliyetazamwa hivyo kuliko wote alikuwa Mikko Rantanen wa Finland. Klabu ya Colorado ilimchagua mwaka 2015 akiwa kijana, naye akatwaa kombe pamoja nayo mwaka 2022. Mwenzake, Nathan MacKinnon, alikuwa akipokea dola milioni 12.6 kwa mwaka. Na mwezi wa Septemba 2024 Mjerumani Leon Draisaitl alikuwa amekubaliana na klabu ya Edmonton miaka minane kwa milioni 14 kila mwaka. Katikati ya hesabu hizi mbili mazungumzo ya Rantanen yalikwama, na tarehe 24 Januari akaamka mtu wa Colorado akalala mtu wa Carolina. Wa Carolina nao wakamtaka atie saini akae nao. Hakutia. Aliwachezea michezo 13 akafunga mabao mawili, na tarehe 7 Machi, kabla ya saa tisa hiyo niisemayo, akapelekwa Dallas. Dallas ilimtoa kijana wa miaka 22 aitwaye Logan Stankoven, na zamu za kwanza za kuchagua vijana wa mwaka 2026 na 2028, na zamu mbili nyingine za chini. Huko Dallas alitia saini: miaka minane, dola milioni 96.

Haya yote yangalikuwa habari za mbali kwangu, lakini jina la Toronto lilikuwa ndani yake. Iliandikwa sana katika magazeti kwamba Carolina ilipomtaka mtu wa kubadilishana na Rantanen, ilimtaka Mitch Marner wa Toronto. Marner alizaliwa Markham, mji ulio ubavuni mwa Toronto. Mkataba wake nao ulikuwa ukingoni, na ndani ya mkataba huo mlikuwa na kifungu kisemacho kwamba hawezi kuhamishwa pasipo ridhaa yake. Alipoulizwa, yasemekana, alikataa. Mwanangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na mmoja, alikuwa na fulana ya buluu yenye namba 16 ya Marner mgongoni, na kwa wiki sita alilala na kuamka na swali moja tu: je, watamtoa?

Ijumaa ile alitoka shuleni saa tisa na nusu. Nilimngojea langoni. Hakunisalimu. Alisema, "Yupo?" Nikasema, "Yupo." Akanishika mkono, jambo ambalo tangu atimize miaka tisa alikuwa ameliacha mbele ya wenziwe.

Mama yangu mzazi yuko Tanga, nami humpigia simu kila Ijumaa. Tulipofika nyumbani ilikuwa karibu na saa sita ya usiku kwake, lakini katika Ramadhani mama halali mapema. Baada ya tarawehe hukaa barazani na jirani zake mpaka karibu na daku. Nilimwamkia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Hamjambo huko baridini?" Kabla sijajibu, mtoto alininyang'anya simu akasema kwa furaha, "Bibi, hawakumuuza!"

Kukawa kimya kidogo. Kisha nikamsikia mama akisema polepole, "Hawakumuuza nani, mjukuu wangu? Huko watu wangali wakiuzwa?"

Nilichukua simu nikajaribu kueleza. Nilisema ni mchezo tu. Nilisema mtu mwenyewe ni tajiri kuliko mji wa Pangani wote. Nilisema kuuzwa ni namna ya kusema. Mama alinisikiliza mpaka nilipomaliza, akasema, "Namna hiyo ya kusema msimfundishe mtoto." Akahama, akaniuliza tunafuturu nini.

Lazima niseme kwa nini. Bibi yake mama, ambaye mama alimwahi akiwa mkongwe asiyeona tena, hakuzaliwa pwani. Aliletwa Pangani akiwa mtoto, kutoka bara, wala hakupata kujua bara gani, kwa maana jina alilolikumbuka la kijiji chao hakuna aliyepata kulisikia kwingine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara yenyewe haikufungwa siku moja na soko, na katika Tanganyika hali ya utumwa haikufutwa na sheria mpaka mwaka 1922. Katika jamaa yetu inajulikana bei yake: majora mawili ya nguo. Bibi yule alikuwa akiitaja mwenyewe, wakati mwingine kwa kicheko, akiuliza kama zilikuwa nguo nzuri. Mama hakucheka naye hata katika utoto wake, na hakucheka usiku ule.

Baada ya futari nilikaa na neno hilo. Sitaki msomaji adhani nafananisha mambo yasiyofanana. Mtu atiaye saini dola milioni 96 kwa mkono wake, na wakala wake akiwa kando yake, si mtoto aliyeongozwa kwa kamba mpaka Pangani, na anayesema ni sawa amewadharau wote wawili. Walakini lugha ya mchezo huu ni lugha ya soko, wala si sisi tulioitia humo kwa kutafsiri vibaya. Wenyewe husema mali. Husema thamani ya mtu imepanda au imeshuka. Husema amekodiwa, wakiwa na maana ya mchezaji aliyechukuliwa kwa miezi michache iliyobaki. Mtoto wangu alitafuta katika Kiswahili neno la kufanana na yale aliyoyasikia kila siku, akalipata, na kosa lake ni kwamba alilipata sawasawa.

Nikaanza kusoma mambo ya zamani ya mchezo huo, nikitafuta hasa pale ambapo mtu na bidhaa hukaribiana mno. Niliyapata mengi, lakini mawili yalinikaa. La kwanza ni la mwezi wa Oktoba 1962. Frank Mahovlich, mfungaji hodari wa Toronto, alikuwa hajaelewana na klabu yake juu ya mshahara. Usiku mmoja, katika hoteli kubwa ya mji ule, mwenye klabu ya Chicago, James Norris, katikati ya vinywaji, alitaka kumnunua kwa dola milioni moja, fedha isiyopata kutajwa kwa mchezaji wa mchezo huo. Mmoja wa wakuu wa Toronto akakubali, na Norris akatoa noti za dola mia, jumla dola elfu moja, akaziweka kuwa arubuni. Neno letu hilo la dukani, arubuni, halina neno la kulishinda hapa: ndiyo fedha unayoiacha kwa muuza vitanda ili asimuuzie mwingine kabla hujarudi. Asubuhi yake hundi ya milioni ilipoletwa, Toronto ilikuwa imezindukana, ikaikataa. Mahovlich alitia saini Toronto akaendelea kucheza, na miaka mingi baadaye, mwaka 1998, akawa mjumbe wa Baraza la Seneti la nchi yake. Nilijiuliza kama alipokuwa amekaa katika kiti kile cha heshima alipata kuzikumbuka zile noti kumi juu ya meza.

La pili ni la Ted Lindsay wa Detroit, aliyekuwa mbele katika kuunda chama cha kwanza cha wachezaji mwaka 1957, wakati ambapo mchezaji alikuwa hana njia ya kujua hata mshahara wa mwenzake aliyekaa naye benchi moja. Mwaka huohuo klabu ikampeleka Chicago, iliyokuwa dhaifu kupita zote siku zile. Hapa uhamisho ulikuwa fimbo. Mwenye kutaka kujua kwa nini wachezaji wa leo hupigania kifungu kile cha kutohamishwa, naye awakumbuke watu kama Lindsay.

Hapo ndipo nilipolipata neno nililokuwa nalitafuta, nami nikashangaa kwamba lilikuwa nyumbani siku zote. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu. Mwaka 1983 ilimfikia barua kutoka ofisini kwamba kituo chake cha kazi si Tanga tena, ni Tabora, na aripoti kabla ya muhula kuanza. Hakuomba, hakuulizwa. Tulifunga vyombo katika magunia. Mama alimgawia jirani kuku wake, akamwacha mmoja kwa ajili ya safari akamkaanga, akatulia macho yake jikoni akisingizia moshi. Nilikuwa na miaka minane. Hakuna aliyesema baba ameuzwa. Watu walisema, "Mwalimu amepata uhamisho," wakatupa mkono wa kwaheri. Ijumaa iliyofuata nilimwambia mama kwamba sasa nitasema wachezaji wamehamishwa. Akafikiri, akasema, "Haya. Hilo ni afadhali. Hilo nalijua lilivyo."

Mwezi wa Aprili uhamisho ukaja kwangu.

Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi sitaitaja, wala haikunitendea ubaya ambao sheria ingeuita ubaya. Ilifunga idara yetu ya Toronto ikatupa njia mbili: kwenda Edmonton, mwendo wa saa nne kwa ndege, au kuacha kazi na kulipwa kidogo. Tulipewa siku kumi za kazi, na siku ya mwisho mwisho wake ulikuwa saa kumi na moja jioni. Kwa majuma mengi nilikuwa nimehukumu mikataba ya watu wengine. Nilikuwa nimesema katika vikao vya kahawa kwamba Marner ana tamaa. Kwamba mtu akipewa milioni kumi na nukta kadhaa kwa mwaka, kama alivyopewa tangu 2019, aridhike. Kwamba mpenda mji wake hahesabu. Sasa nilikuwa na mkataba wangu mkononi, nami nilihesabu. Kodi ya nyumba, shule, nauli ya kumwona mama. Niliandika katika karatasi nyongeza ninayoitaka, si kubwa, na sababu tatu nzuri za kuitaka. Mke wangu alinisomesha sababu hizo jikoni kama mtoto anayehifadhi juzuu. Nikaingia katika chumba cha meneja. Alikuwa mtu mpole. Alinipa kiti, akauliza juu ya jamaa, akasema kampuni inathamini utumishi wangu. Karatasi ilikuwa mfukoni. Nikasema, "Ahsante," nikatia saini.

Nimejaribu mara nyingi kuieleza dakika ile, na maelezo yote hunipendelea. Nilisema nina mtoto. Lakini Marner naye ana jamaa. Nilisema sina wakala. Lakini mke wangu alikuwa wakala wangu, na hodari. Nadhani ukweli ni kwamba mtu aliyekuja nchi ya watu kwa kibali hujifunza kushukuru kabla hajasikia anachopewa, na ulimi ukikwisha kuzoea hauingojei akili.

Tarehe 3 Mei Rantanen alikutana na klabu yake ya zamani. Dallas na Colorado zilikuwa zimeshindana mara tatu kwa tatu, na huo ulikuwa mchezo wa saba, wa kuamua. Katika kipindi cha tatu Colorado ikiongoza kwa mabao mawili, mtu huyo waliyemtoa alifunga mabao matatu, na Dallas ikashinda manne kwa mawili. Tulitazama pamoja, mimi na mwanangu, nami nilipiga kelele hata jirani wa chini akagonga dari. Sikuwa na upande wowote kati ya Dallas na Colorado. Nilikuwa upande wa mtu aliyetolewa.

Toronto nayo ilifika mchezo wa saba, dhidi ya Florida, tarehe 18 Mei, katika uwanja wake wenyewe, ikafungwa sita kwa moja. Baadhi ya watazamaji walivua fulana zao za buluu wakazitupa barafuni. Marner alikuwa amemaliza msimu na pointi 102, idadi ambayo hakuwa amepata kuifikia, na mji ulimzomea. Mwanangu hakusema neno. Aliikunja yake akaiweka chini ya godoro.

Tarehe 30 Juni, siku moja kabla mkataba haujaisha, zikaja habari: Marner anakwenda Las Vegas, kwa miaka minane na dola milioni 96, na Toronto yapata badala yake mchezaji mmoja, Nicolas Roy. Safari hii ridhaa ilikuwapo. Tulikuwa sakafuni katikati ya makasha, tukifunga vyombo kwa magazeti, na magazeti yenyewe yalikuwa yamejaa picha zake. Mtoto alishika sahani mkononi akaniuliza, "Baba, mwezi wa kwanza walimtaka aende, akakataa?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. "Na sasa amekwenda kwa kuwa ametaka?" Nikasema ndiyo. Akaifunga sahani, akaiweka ndani ya kasha, akachukua nyingine. "Na wewe ulipoambiwa, ulikataa kwanza?"

Nilimwambia kwamba katika mkataba wangu kifungu hicho hakimo. Ni kweli, hakimo. Alinitazama kama atazamavyo mwalimu mwema jibu lililo sahihi lakini si la swali lililoulizwa.

Edmonton tulifika mwanzo wa Agosti. Mlangoni pa uwanja wa mji huo pamesimama sanamu ya shaba ya Wayne Gretzky amelinyanyua kombe juu ya kichwa. Jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mzee mwenye bustani ya viazi, hakutuuliza tumetoka nchi gani. Alitueleza tarehe 9 Agosti 1988 kabla hata hatujamaliza kushusha mizigo. Siku hiyo Gretzky, aliyekuwa ameipa Edmonton kombe mara nne katika miaka mitano, alipelekwa Los Angeles pamoja na wenzake wawili, badala ya wachezaji wawili, zamu tatu za kuchagua vijana, na dola milioni 15 taslimu zilizokwenda kwa mwenye klabu, Peter Pocklington. Ilisemwa siku ile kwamba mchezaji mwenyewe ndiye aliyeomba. Alipokaa mbele ya waandishi kulisema hilo, alishindwa, akalia. Mbunge mmoja, Nelson Riis, alitaka serikali izuie jambo hilo. Edmonton ilitwaa kombe tena mwaka 1990 bila yeye. Yeye hakulipata tena mpaka alipostaafu. Mzee alisema habari ya 1990 haraka, kama mtu anayelipa deni dogo, akarudi kwenye 1988. "Kulikuwa na fedha ndani," alisema. "Fedha taslimu." Hilo ndilo hakuweza kulisamehe: watu kwa watu angelistahimili.

Na mji wenyewe ulikuwa umeshikwa upya na homa tuliyoiacha Toronto. Mchezaji wao mkuu, Connor McDavid, alikuwa amebakiwa na msimu mmoja katika mkataba wake wa miaka minane wa dola milioni 100. Alikuwa ameifikisha klabu katika fainali mwaka 2024 na tena 2025, na mara zote mbili Florida ikashinda. Majira yote ya joto hakutia saini. Dukani, kinyozini, kazini kwangu, watu walisoma uso wake katika picha kama waaguzi wasomavyo kahawa. Tarehe 30 Septemba Kirill Kaprizov, Mrusi wa klabu ya Minnesota, akatia saini miaka minane kwa dola milioni 17 kila mwaka, mkataba mkubwa kupita wote katika historia ya ligi, na watu wa Edmonton wakapiga hesabu wakanyamaza. Kisha tarehe 6 Oktoba McDavid akakubali kubaki. Kwa miaka miwili tu. Na kwa mshahara uleule aliokuwa akiupata, milioni 12.5 kwa mwaka, bila nyongeza hata ya senti.

Mji haukujua ufurahi au uogope. Wengine walisema amewapenda, ameacha fedha mezani ili klabu iweze kuwalipa wenzake. Wengine walisema miaka miwili si upendo, ni ilani. Mimi niliposoma nilichekea peke yangu jikoni, kwa kuwa katika majira ya joto nilikuwa nimekutana na mtu mwingine mmoja tu aliyetia saini bila kuomba nyongeza, na sababu zetu zilikuwa mbali sana.

Ijumaa iliyofuata nilimpigia simu mama. Alikuwa amekwisha kujua mambo ya mchezo huu kuliko anavyokiri, kwa kuwa mjukuu wake humweleza. "Huyo wenu mpya," akauliza, "amekaa?"

"Amekaa, mama. Miaka miwili."

"Mwenyewe ametaka?"

"Mwenyewe."

"Na yule wa kwanza, wa fulana?"

"Yule alihama."

"Hakuhamishwa?"

"Hapana, alihama."

Nilisikia nyuma yake mlango wa ua ukigonga na mtu akibisha hodi. Akamwambia mtu huyo angoje kidogo. "Na wewe, baba," akasema, "sikukuuliza mwezi wa nne kwa sababu ulikuwa na mashaka. Wewe ulihama au ulihamishwa?"

Mwanangu alikuwa mezani na daftari zake. Kalamu yake ilisimama.

"Nilihamishwa, mama," nikasema.

"Ehee," akasema mama. "Kama baba yako." Kisha akaniuliza kama huko Edmonton yapatikana nazi, nikamwambia yapatikana, ya kopo, akasikitika, akamkaribisha mgeni wake ndani.